Jibu la Hodan

Mkungu wa ndizi nyuma ya baiskeli ya Philemon ndio uliolipiga kumbo dumu la Hodan, maziwa yakatapakaa katikati ya soko la Garsen.

"We mtu wa ndizi, huna macho?"

"Ninayo. Yalikuwa yanakutazama wewe."

Wauza maziwa wakaangua kicheko. Hodan, ndani ya dera la rangi ya manjano, alijaribu kukasirika, akashindwa.

Alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Garsen alikuja kwa kibali cha miezi mitatu, kumuuguza shangazi yake. Miezi hiyo Philemon aliimaliza kwenye simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula ndizi zako mpaka nanuka shamba."

"Basi njoo shambani kabisa, ukae."

"Na wewe utamwambia nini baba yangu, Mkristo wewe?"

"Nitampelekea mkungu."

Alasiri moja Philemon alimkuta kwenye kibanda cha maziwa cha shangazi, amempa mgongo, simu sikioni. "Hapana," Hodan alikuwa akisema. "Sina mume. Sina mchumba. Sina mtu."

Philemon aligeuza baiskeli. Kwa wiki mbili simu za Hodan hakuzipokea.

Hodan akamfuata hadi shambani kwake Ndera, viatu mkononi, matope hadi magotini.

"Nilikuwa naongea na afisa wa wakimbizi," alisema hata kabla ya salamu. "Faili yetu ya kwenda ng'ambo imeitwa, baada ya miaka kumi na saba. Mama atapasuliwa moyo huko. Nikisema nina mchumba, faili inarudi nyuma. Sote sita tunaanza upya."

"Ungeniambia."

"Ungepokea?"

Philemon akainamisha kichwa. "Sasa amesemaje?"

"Hakuniamini. Anasema nilikawia kujibu. Keshokutwa ananihoji ana kwa ana."

Maji yalikuwa yakipita mferejini taratibu. Philemon alinawa mikono, akafudikiza karai, akalikalia mbele ya Hodan, akakaza sauti kama mtu wa ofisini.

"Jina?"

"Hodan. Philemon, unafanya nini?"

"Una mchumba?"

Hodan akavitazama viatu mkononi mwake.

"Umekawia, mpenzi. Tena. Una mtu yeyote Garsen?"

"Sina."

"Usitazame chini. Wanasoma macho. Na hayo machozi futa, watauliza ni ya nani."

Akajifuta kwa ncha ya mtandio, akainua uso, akamtazama sawasawa.

"Una mtu Garsen?"

"Sina."

Safari hii hakukawia hata kidogo.

"Vizuri," akasema Philemon, akageuka kuufunga kwenye baiskeli mkungu ambao alikwisha kuufunga tangu asubuhi.