Nukta Iliyomwandama Kasilda

Kila Jumatano baada ya masomo, Kasilda aliwasha kompyuta ya shule yao mjini Gitega. Alilinganisha picha za galaksi ya Andromeda zilizopigwa kwa darubini ya ng'ambo, ya leo kando ya ile ya jana. Jumatano moja aliona nukta ambayo jana haikuwapo. Huenda ilikuwa nova, nyota inayong'aa ghafla kisha kufifia!

Kanuni ya chama chao cha wanafunzi wapenda nyota ilikuwa wazi: mwenzako wa shule ya mji wa Muyinga atazame picha zilezile bila kuambiwa lolote. Akiiona mwenyewe, ndipo taarifa itumwe kwa wanasayansi wa nyota. Kasilda hakuweza kungoja, akampigia simu Latifa, mwenzake wa Muyinga.

"Mi sioni kitu," alisema Latifa.

"Tazama chini, kushoto."

"Ah, iko! Haya, naandika nimeiona."

Mwalimu Venansi, mlezi wa chama, alipopewa habari alifurahi mno. Mtandao ulikuwa umekatika, kwa hiyo angetuma taarifa kesho.

Tangu hapo nukta haikumwacha Kasilda. Aliiona ukutani, akaiona hata kwenye sahani ya maharagwe. Je, kama ni vumbi tu la kamera? Mwanga uliosafiri zaidi ya miaka milioni mbili sasa ulimwandama yeye peke yake. Aliogopa kufumba macho.

Alfajiri alimpigia Latifa tena. "Niambie kweli. Uliiona?"

"Mi? Hapana. Niliandika tu ufurahi."

Alikimbia hadi shuleni. "Mwalimu, usitume! Nilimwonyesha Latifa mahali pa kutazama, naye hakuona kitu."

Uso ulimshuka Mwalimu. Kisha akampelekea picha Faridi, mwanafunzi mwingine wa Muyinga, bila neno lolote.

Jibu lilikuja Jumamosi: nukta ileile, mahali palepale. Taarifa ikatumwa. Lakini watazamaji wa nchi nyingine walikuwa wametangulia kwa siku moja.

Kasilda alilia. "Tungekuwa wa kwanza, Mwalimu."

"Ndiyo, mwanangu. Wa kwanza kwa uongo, hata kama nyota ni ya kweli," alisema Mwalimu Venansi. "Faridi ameiona kwa macho yake, si kwa mdomo wako. Ukimfundisha shahidi la kusema, unabaki peke yako na shaka yako. Umeyajua hayo wiki hii."

Jioni Kasilda alikula maharagwe yake yote. Sahanini hapakuwa na kitu kingine.