Odilia na Habari ya Grimbald

Zamani, huko Ulaya, katika nchi ndogo ya Arnheide, aliishi msichana aitwaye Odilia. Alikuwa na miaka minane.

Odilia alikuwa chale wa Mfalme Ludolf wa Tatu. Chale ni mtu wa kumchekesha mfalme.

Kichwani alivaa kofia yenye masikio marefu ya punda. Miguuni alivaa njuga. Chwa, chwa, chwa!

Asubuhi moja ya theluji, Grimbald alikufa. Grimbald alikuwa mbwa wa mfalme. Alikuwa mzee sana, na miguu yake ilikuwa imechoka.

Ngome nzima ikaanza kuulizana. Nani atamwambia mfalme?

"Chale atamwambia," alisema Bwana Engelbert, msimamizi wa ngome. "Ndiyo desturi yetu. Habari mbaya hupelekwa na chale, tena kwa mzaha."

"Na mfalme asipocheka, Bwana?"

"Asipocheka, utatoka langoni. Leo hii hii."

Odilia akatazama nje ya lango. Theluji tupu. Hakuwa na mama. Hakuwa na baba. Hakuwa na nyumba nyingine.

Akapanda ngazi. Chwa, chwa, chwa.
Njuga zilicheka. Odilia hakucheka.

Alikumbuka masikio ya Grimbald, laini kama pamba. Akapanda tena. Chwa, chwa, chwa.
Njuga zilicheka. Odilia hakucheka.

Alikumbuka pua yake ya baridi. Machozi yakamjaa. Akayafuta haraka kwa kofia.

Mfalme Ludolf alikuwa ameketi karibu na moto. Ndevu zake zilikuwa nyeupe.

"Aa, chale wangu! Grimbald yuko wapi? Nampigia mluzi, haji."

Odilia akapiga kichwangomba.

"Mtukufu Mfalme, Grimbald amejifunza mchezo mpya! Analala bila kukoroma. Hata umpe mfupa, haamki!"

"Ha! Ha! Ha!" alicheka mfalme. "Mvivu mkubwa huyo! Mwiteni aje, nimwone."

Mlangoni, Bwana Engelbert akaitikia kwa kichwa. Mfalme amecheka. Basi, desturi imetimia.

Lakini mfalme hakuelewa. Alidhani ni mzaha tu.

Akapiga mluzi. Fyuuu! Akatega sikio. Akapiga tena. Fyuuu!

Hakuna aliyekuja.

Fyuuu!

Odilia hakuweza kuvumilia. Akavua kofia. Akavua njuga.

"Mtukufu, usipige mluzi tena. Grimbald amekufa."

"Huo nao ni mzaha, chale?"

"Si mzaha, Mtukufu. Amekufa asubuhi, karibu na jiko. Nilikuwa nimemshika mguu."

Mfalme akafunika uso kwa mikono.

"Umeharibu kila kitu!" alisema Bwana Engelbert. "Toka! Nenda langoni!"

Odilia akaondoka polepole. Hatua zake hazikuwa na sauti.

"Unakwenda wapi?" aliuliza mfalme.

"Langoni, Mtukufu. Uliposikia ukweli, hukucheka."

"Sitacheka leo. Wala kesho sitacheka." Mfalme akamnyooshea mkono. "Njoo hapa, mtoto. Nani mwingine alimpenda Grimbald katika ngome hii?"

Odilia akafikiri. "Ni wewe na mimi tu, Mtukufu."

"Basi usiniache peke yangu. Engelbert, funga lango. Huyu haendi popote."

Odilia akaketi karibu na mfalme. Wakalia pamoja.

Mfalme alilia kwa sauti nzito. Huu, huu. Odilia alilia kwa sauti ndogo. Hii, hii.

Walilia mpaka machozi yakaisha. Moto ulikuwa na joto. Macho yao yakawa mazito, wakalala pale pale.

Bwana Engelbert alisimama akiwatazama. Alisimama kwa muda mrefu.

Kisha akaleta blanketi moja kubwa, akawafunika wote wawili.