Nilimwambia Nimeifuta

Nina umri wa miaka ishirini na sita, sijaolewa, na kazi yangu ni kupiga picha za paspoti kwenye kibanda kimoja hapa Tanga mjini. Wateja hunisifu kwamba nina jicho zuri. Huwa naitikia asante, halafu nainama kama natafuta kitu chini ya meza... maana najua jicho hilo nililipata kwa gharama ya nani.

Mkinilaani, nilaanini. Ila nisomeni hadi mwisho.

Nilizaliwa Magamba, juu ya Lushoto, pale msitu unapoanzia. Baba alikuwa kibarua wa shamba la miti, mama alilima viazi. Nyumba ya pili kutoka kwetu waliishi kina Mwanahawa. Wao Waislamu, sisi Walutheri, lakini Idi nilikula kwao na Krismasi alikula kwetu. Tulikata majani ya ng'ombe pamoja, tulitoroka shule pamoja, tukachapwa pamoja. Sikujaliwa dada, na wala sikuwahi kuona kama nimepungukiwa.

Mwanahawa alikuwa na kaka mmoja tu, Shabani. Kwetu vijana wana mchezo wao: wanapandisha baiskeli hadi juu, halafu wanashuka kwa kasi barabara ya lami kuelekea mjini, kona baada ya kona, na wengine breki yao ni soli ya kiatu! Shabani ndiye aliyekuwa bingwa wao. Siku moja, kwenye kona ya misonobari, akakutana uso kwa uso na lori la mboga. Alifia palepale.

Mama yao, ambaye hata baada ya hapo watu waliendelea kumwita Mama Shabani, alimshika Mwanahawa mkono juu ya mkeka wa msiba akamwapisha kwamba hatapanda baiskeli maisha yake yote. Mwanahawa akaapa. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Miaka miwili baadaye nilikwenda Tanga kusomea upigaji picha na video. Nilikuwa mwanafunzi wa kawaida, tena chini ya kawaida. Mwalimu wetu alikuwa akizitazama picha zangu anasikitika. Aliwahi kuniambia mbele ya darasa zima, "Tabea, watu wako wote wamesimama kama wanasubiri kupigwa mhuri." Darasa likacheka. Nililia chooni.

Mradi wa mwisho ulikuwa filamu fupi ya kitu kinachokwenda, kisichotulia. Nilirudi nyumbani likizo sijui nitapiga nini... hadi niliposikia mlio wa baiskeli zikishuka mbele ya nyumba yetu.

Mwanzoni nilisimama kando ya barabara kama mpima viwanja. Vijana wakanicheka. Mmoja akaniambia, "Dada, wewe unatupiga tukishapita." Maneno hayo yalinifundisha kuliko daftari zima! Nikaanza kuelekeza kamera kule baiskeli inakokwenda, siyo ilipo. Nikajifunza kulala mtaroni tumbo likilowa, kusubiri ukungu uinuke, kusikia matairi kabla sijayaona. Kila nilipoangalia nilichopiga, niliona watu wana damu mwilini, wanaishi. Kwa mara ya kwanza nilijiona fundi.

Jumamosi moja alishuka mtu ambaye sikuwahi kumwona kundini. Koti jeusi, kofia ya koti imefunika hadi machoni. Aliwapita watatu kwenye kona ya misonobari, goti karibu liguse lami! Nilikimbilia chini alikosimama. Akavua kofia.

Mwanahawa.

Nilitaka kupiga kelele, akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Umeapa mbele ya mama yako!" nikamwambia aliponiachia.

"Naijua yamini yangu, usinikumbushe," alisema huku akihema. "Tabea, mama alimlilia Shabani, watu wakamshika mkono. Mimi nilikuwa napika chai ya waombolezaji. Nikishuka hapa ndipo napata kulia. Nikifika chini upepo umeshakausha, naenda nyumbani, hakuna anayeniuliza."

Koti lile lilikuwa la Shabani.

Nilimwomba anikubalie nimpige. Alikataa siku hiyo, akakataa na iliyofuata. Ya tatu akakubali kwa sharti moja: uso wake usionekane kamwe. Nilimwapia kwa jina la Mungu. Nani alinilazimisha kuapa? Hakuna! Niliapa kwa sababu nilikuwa na njaa ya ile video.

Tulipiga wiki tano. Aliponiamini, nami nikawa hodari. Nilijua atakapolala na baiskeli, nilijua atakapoinuka. Halafu ikaja asubuhi ile... Ukungu ulikuwa umeachia kipande cha jua barabarani. Akatoka konani, upepo ukaipeperusha kofia, na akaangalia moja kwa moja kwenye kamera. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Ndugu zangu, sijawahi kupiga kitu kama kile, na sitapiga tena.

Alirudi akisukuma baiskeli, uso umembadilika.

"Umenipata uso?"

"Kidogo."

"Futa, Tabea. Mama akiuona atakufa."

Niliinamisha kamera, nikabonyeza bonyeza vitufe.

"Nimeshaifuta," nikamwambia.

Akanikumbatia! Alinikumbatia, akanishukuru...

Niliporudi Tanga, kazi nilimpelekea Denisi. Huyu alikuwa na studio ambako nilifanya fildi, yaani mafunzo ya vitendo, na alikuwa mchumba wangu kwa maneno, maana aliahidi kuleta washenga kwa baba baada ya Pasaka. Nilimpa kila kitu anisaidie kuhariri, na ule uso ukiwamo. Nilimweleza habari ya Mwanahawa na kiapo. Akasikiliza kwa upole, kisha akasema bila ule uso hiyo ni video ya baiskeli tu, watu wameziona. Ukiwamo, ni filamu. Akasema wauza karoti wa Lushoto hawana muda wa kuangalia filamu za wanafunzi.

Nilibisha... kidogo. Kubisha kwa mtu anayetaka kushindwa. Mwisho nikasema sawa, iache, ni kwa ajili ya chuo tu.

Siku nne kabla ya kukabidhi mradi, mwanafunzi mwenzangu akanionyesha simu yake. Filamu yangu ilikuwa mtandaoni! Maelfu wameiangalia, wanasifu, wanauliza huyo dada ni nani. Na mwishoni, kwa maandishi meupe: imepigwa na Denisi.

Hapa ndipo ninapoona aibu zaidi ya kote. Je, mnadhani nilimlilia Mwanahawa? Hapana. Nililia kwa sababu ya jina langu. Nilikaa kwenye ngazi za bweni nikilia jina, jina, jina... na yeye hakunipitia hata akilini.

Denisi hakupokea simu. Nilipomfuata studio alinitazama kama mteja aliyekosea duka. Mwalimu alinikatalia mradi, akisema nimeleta kazi ya mtu mwingine, kwani Denisi alipoulizwa alijibu kwamba mimi nilikuwa msaidizi wa kumshikia stendi. Mwalimu akaniambia kama ninasema kweli, nilete maandishi ya aliyepigwa, yaliyotiwa saini, athibitishe nani alishika kamera.

Jioni hiyohiyo baba akanipigia.

"Mama Shabani ameanguka sokoni. Wanasema alionyeshwa kitu kwenye simu. Wewe unakijua?"

"Hapana, baba," nikajibu.

Nilipanda Lushoto kesho yake. Kila mtu alidhani nimekwenda kumjulia hali mgonjwa, na kweli nilinunua sukari na machungwa. Lakini ndani ya mkoba, katikati ya daftari, nilikuwa nimeweka ile karatasi ya kutiwa saini. Mnanisikia? Nilikwenda na karatasi!

Mama Shabani alikuwa amelala chali. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, na ulimi haukuweza neno. Nilipiga magoti, nikamwambia shikamoo. Macho yakageuka kwangu, yakanitazama, machozi yakashukia masikioni. Mwanahawa alikuwa akimlisha uji kwa kijiko. Hakunisemesha. Alimaliza, akamfuta mama yake mdomo, akatoka nje. Nikamfuata.

"Ulifuta?" akaniuliza.

"Nisamehe, Mwanahawa, mimi..."

"Sijakuuliza msamaha. Nimekuuliza kama ulifuta."

Nikatikisa kichwa.

Aliongea taratibu, akitazama shamba lao la kabichi. "Yule mama wa meza ya jirani pale sokoni alidhani anamfurahisha. Akamwambia, hebu ona, hapa si kwetu Magamba? Mama akaona koti. Akacheka, Tabea! Akaita watu, Shabani wangu, jamani njooni, Shabani wangu mzima! Akaomba arudishiwe mwanzo. Mara ya pili ndipo aliponiona mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu mwenye utu angeondoka pale. Mimi, wasomaji wangu, niliingiza mkono kwenye mkoba nikatoa karatasi. Nilisema maneno mengi, sijui nini, kuhusu chuo, kuhusu Denisi, kuhusu baba alivyokata miti kunisomesha. Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine.

Mwanahawa aliisoma yote. Akafuta uji kwenye vidole kwa kanga.

"Kalamu."

Nikampa. Akaandika jina lake kamili, akaweka saini, akanirudishia karatasi na kalamu.

"Haya, umepata ulichofuata. Nenda, mama hapendi kusikia watu wakibishana."

Angenipiga! Angenitukana, angeita majirani wanifukuze kwa mawe, ningepumua. Alinipa nilichoomba, na tangu siku ile hajanipa kitu kingine.

Matokeo yalichukua miezi miwili, lakini nilifaulu. Karatasi ilikubaliwa, mwalimu akaniomba radhi mbele ya darasa lilelile, akasema sasa watu wako wanaishi, Tabea. Wenzangu wakanipigia makofi. Wiki hiyo hiyo Mama Shabani akafariki. Alikaa kitandani miezi miwili na siku kadhaa bila kusema neno moja, na Mwanahawa hajui hadi leo kama mama yake alimsamehe au aliondoka na kinyongo. Ili amhudumie, Mwanahawa aliacha nafasi ya ualimu aliyokuwa ameipata, na nafasi haikumsubiri.

Nilikwenda msibani. Nilivua viatu, nikajifunga kanga, nikaenda jikoni kwa wanawake nikashika mwiko kama nilivyozoea kwenye nyumba ile. Shangazi yake Mwanahawa alikuja, akauchukua mwiko mkononi mwangu polepole, wala hakupandisha sauti.

"Binti, wewe hapa ni mgeni. Mgeni hapiki. Kakae kule nje utaletewa chakula."

Nilikaa kule nje. Nililetewa sahani. Nilikula, kwa sababu kukataa chakula cha msiba ni tusi, na kila tonge lilishuka kama changarawe. Mama yangu alikuwa ng'ambo ya ua, ameniona, akageuza uso.

Denisi? Ile filamu ilimpatia kazi Dar es Salaam. Washenga alituma, ila kwa wazazi wa mwingine. Nilipoweka ushahidi wangu mtandaoni watu walikuwa wameshahamia kwenye video nyingine. Hakuna aliyejali. Sikuweza hata kumchukia vizuri, maana kila nilipotaka kumwita mwizi, nilikumbuka kwamba alichoiba kwangu na mimi nilikuwa nimekiiba.

Mwanahawa alihamia Muheza kwa shangazi yake, anauza matunda sokoni. Mwaka jana nilijikaza nikaenda. Nilizunguka soko mara tatu, ndipo nikasimama mbele ya meza yake. Amekonda. Aliinua uso, akaniona, na nikajua ameniona.

"Karibu dada," alisema. "Machungwa ya leo, matamu. Nikufungie mangapi?"

Dada! Kama anavyomwita kila apitaye. Nilikuwa nimekuja kulitaja jina lake. Nikasema kumi. Akanichagulia mazuri, akafunga, akasema karibu tena, akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Simwandikii Mwanahawa haya, yeye hasomi magazeti na sitaki anione tena kwa namna yoyote. Nawaandikia ninyi, hasa nyinyi vijana mnaotembea na simu mkidhani kila mnachokiona ni chenu. Uso wa mtu ni mali yake. Akikupa, shukuru. Akikunyima, mwache nao aende nyumbani, hata kama ndiyo picha bora utakayowahi kupata maishani. Na ukishakosea, ukienda kuomba radhi nenda mikono mitupu. Usiende na haja yako mkobani, nawasihi!

Siku hizi nikimaliza kumpiga mtu picha namwonyesha, nasubiri aseme ndiyo. Wengine wanashangaa, picha ya paspoti tu! Chuoni walinipa cheti kinachosema nimehitimu. Ni kweli, nimejifunza kuona watu. Ila nilichelewa, na niliyemuona wa kwanza nilikuwa nimeshammaliza.