Nyota Isiyotoka Jumapili

Lori la Bedford lilikata kona ya Mpemba bila taa, na Lusubilo akalikosa tena.

Aliilaza pikipiki yake ya BSA mpaka chuma cha kukanyagia kikakwaruza changarawe. Haikusaidia. Vumbi jekundu lilimshukia kichwani, machoni, mdomoni. Ng'ambo ya vumbi hilo ilikuwa Rodeshia ya Kaskazini, na bastola yake ya Webley haikuwa na ruhusa ya kuvuka mpaka.

Mara ya nne.

Kila mara alijificha pazuri. Na kila mara dhahabu iliyoibwa mgodini Saza ilipita siku ambayo askari wamepangwa kwingine, kana kwamba kuna mtu ameketi mawinguni anawaelekeza wezi.

Akapiga simu Mbeya, akajitaja kwa jina lake la siri.

"Kongoni hapa. Mzigo umepita."

"Tena?"

"Tena, bwana mkubwa. Wana redio."

"Mwenye redio tunaye ndani. Jumatatu jioni analetwa Mbeya. Acha kukimbiza vumbi."

Simu ikakatwa.

Huyo "mwenye redio" alikuwa Fanueli, kijana wa Hasamba. Kosa lake ni kupata kazi. Mwingereza mmoja, Bwana Harwick, alikuwa amesimamisha nguzo kwenye mgongo wa kilima na kutandaza nyaya za shaba juu ya shamba zima, asikilize mbingu. Alisema huko juu kuna vitu visivyoonekana kwa macho ila vinavuma, naye anavipa namba kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu ng'ombe wa jirani gizani. Fanueli alikuwa akipanda nguzo, akikaza nyaya na kukesha na mashine. Polisi walipoambiwa watafute redio, waliona nyaya, wakamfunga pingu aliyekuwa karibu nazo. Hawakuuliza la pili.

Jumapili Lusubilo alipanda kilimani. Kwa watu yeye alikuwa fundi wa vyerehani. Nyuma ya pikipiki alifunga kasha la Singer. Ndani hamkuwa na cherehani. Mlikuwa na kipokezi cha redio chenye sindano inayogeukia upande sauti inakotoka.

Bwana Harwick alimpa vipokea sauti vya masikioni. Mbingu ilikuwa inavuma kama mvua juu ya bati.

"Hii namba kumi na saba," Mwingereza alisema, akaelekeza kidole. "Hii, kumi na nane. Jioni, upande wa Tunduma, nasikia namba arobaini na moja. Kubwa sana. Inavuma, halafu inazama."

Wakangoja. Jua likashuka. Mbingu iliendelea kuvuma, lakini namba arobaini na moja haikuja.

"Iko wapi, bwana?"

"Jumapili haisikiki. Sijui kwa nini. Hewa ya juu, labda."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

Lusubilo alivua vile vipokea sauti polepole. "Bwana Harwick, nyota yako inakwenda kanisani?"

Mwingereza alikasirika. Alisema sayansi si mzaha.

Mama yake Fanueli, Tabita, alikuwa amekaa nje na kikapu. Tabita alipika kila siku, akapeleka kituoni, akarudishwa, akaja kulia penye nyaya, maana hapo ndipo mwanawe alipoonekana mara ya mwisho akiwa huru.

"Fundi, wewe unaongea na wazungu. Waambie mwanangu hana redio."

"Nimewaambia, mama. Hawasikii. Fanueli alikuwa anafanya kazi Jumapili?"

"Si ndiyo iliyomponza! Mashine ya mzungu haipumziki. Mzee wa kanisa, Anyitike, akamsimamisha mbele ya ushirika wote, akamtenga. Meza ya Bwana haigusi tangu mavuno. Mimi nilimwambia, mwanangu, kazi hii ina nini? Akanijibu, mama, ni kukaza waya tu. Kukaza waya tu! Leo yuko wapi?"

Lusubilo alisimama.

Fanueli hakupumzika Jumapili. Mwenye ile sauti alipumzika.

Akarudi kwenye simu.

"Kongoni. Redio iko Tunduma. Mwendeshaji ni mtu wa kanisa. Nipe askari sita kesho."

"Ushahidi?"

"Nyota haitoki Jumapili, bwana mkubwa."



"Kongoni, umekunywa?"

"Bwana mkubwa, kijana hana hatia. Akifika Mbeya, atanyongwa kwa sababu ya mlinzi ambaye wezi hawa walimpiga risasi mpakani."

"Amri ni ileile."

Akalipiga sanduku la simu ngumi. Vidole vikauma. Hakuna kilichobadilika.

Basi akaenda kwa koplo wa Tunduma, Kefa, mtu aliyechoka kuchekwa na lori kama yeye. Waliongea nyuma ya jiko, na mke wa Kefa, Tumpe, akasikia yote.

"Mashine ya kusaga ya Mzee Anyitike," alisema Tumpe. "Wake wa askari wote tunasaga pale. Anatuuliza vizuri tu: mabwana zenu wamelala wapi, masikini? Nasi tunamjibu."

Kefa akashika kichwa. "Mke wangu!"

"Mzee wa kanisa akikuuliza, humjibu?"

Jumatatu jioni foleni ya madebe ilikuwa ndefu. Lusubilo aliketi ukutani na kasha lake la Singer. Tumpe akapaza sauti.

"Leo nalala peke yangu! Askari wote wamepelekwa Kapele!"

"Poleni, binti zangu," alisema Mzee Anyitike, akitikisa kichwa chenye mvi. Punde akapiga makofi. "Mashine imechoka. Rudini kesho."

Wanawake wakaondoka wakinung'unika. Lakini injini ya Lister haikuzimwa. Iliendelea kunguruma bila punje ya mahindi.

Lusubilo akafungua kasha. Sindano ikaruka, ikaganda. Ilielekea mlango wa mashine.

Akaupiga teke.

Nyuma ya magunia ya pumba kisanduku cha chuma kilikuwa kinawaka taa. Anyitike alikuwa amebonyeza kitufe. Kando yake alisimama mgeni mwekundu aitwaye Kroll, mnunuzi wa dhahabu, na bastola ya Luger mkononi.

Risasi ilitoboa bati. Lusubilo alikwisha kurusha debe la pumba. Kroll akapofuka, akarudi nyuma, na mkanda wa injini ukalinasa koti lake ukambamiza ukutani. Luger ikaanguka. Lusubilo akaikanyaga.

"Mzee, usitoe kidole. Endelea kubonyeza."

"Mwanangu, mimi nabonyeza tu. Sauti ikiwepo, lori linapita. Isipokuwepo, linangoja. Mimi sijaua mtu."

Ndivyo wanavyoletewa wote. Kubonyeza tu, kukaza tu, kubeba tu. Anayekuletea kazi nyepesi yenye mshahara mzito, muulize kwanza kwa nini haifanyi mwenyewe.

"Na Jumapili, mzee?"

Anyitike akakunja uso. "Jumapili ni siku ya Bwana. Mimi si mpagani."

"Mpumbavu!" Kroll alifoka toka ukutani. "Jumapili ulikuwa unazima?"

"Nilikwambia tangu mwanzo Jumapili sifanyi kazi!"

Upande wa Mpemba bunduki zililia mara moja, kisha honi ya Bedford ikalia bila kukoma. Kefa hakuwa Kapele.

Gari la mahabusu lilikuwa limeshawashwa kituoni Lusubilo alipofika na dhahabu, wafungwa wawili na kile kisanduku. Simu ya Mbeya ikalia.

"Kongoni, nani alikupa ruhusa?"

"Mfungueni Fanueli, bwana mkubwa," akasema, akaweka simu chini.

Fanueli alitoka amekonda. Mama yake alimpiga kofi la mgongo, akamkumbatia, akampiga tena, kisha akamlisha ugali wa moto palepale ngazini huku akimkemea atafune. Bwana Harwick naye alikuja, akaambiwa, akaifuta namba arobaini na moja kwa kalamu, amenuna kama aliyeibiwa.

Lusubilo alifunga kasha lake nyuma ya BSA. Tabita akamfuata.

"Fundi, asante. Lakini aliyemtenga mwanangu mmemfunga. Sasa nani atamrudisha mezani?"

Lusubilo alikaza kamba ya kasha.

"Hilo si la serikali, mama."

"Basi kazi yenu ni fupi."

Akavaa kofia, akapiga kiki, akashika barabara ya Mbeya bila kugeuka.

Nyuma yake Tabita alishamshika mwanawe mkono, wakaelekea kwa mchungaji, ugali bado mdomoni.