Sindano ya Magloire Imeisha Nguvu

« Shamba yangu iko na matuta, lakini haijaonaka jembe. »

Emérita alifinya redio yake ya Motorola, akajibu kile kitendawili: « Paji ya uso ya muzee. Sema, chef. »

Kode imepita. Papa Benoît, mukubwa wake wa kazi ya siri, akasema mbio: « Magloire ametoka pori ya Walikale. Anapeleka detonateri, vyombo vya kuwasha bombe. Wanataka kulipua soko ya Kashuga. Leo. »

Kashuga. Naomie, dada yake mukubwa, njo pale anauzishaka maharagi.

Emérita akakaza gazi ya pikipiki yake ya TVS. Matope ikaruka.

Pa barieri ya Bihambwe, kwenye waaskari wanakaguaka wapita-njia, kaporali Sébastien alimuonyesha picha mu simu ya Tecno. Magloire, uso laini kama yai.

« Huyu hajafika, dada. Hapa wote tuko na mikunjo. Maisha inatukunja. »

« Picha ya lini? »

« Ya Pasaka. Alichomesha botox, sindano ya kunyoosha mikunjo, mu Goma, tusimujue. »

« Na sasa tuko mwezi wa kenda! Ile sindano inashika miezi tatu, ine, kisha mikunjo inarudia. Mu pori, nani alimuchoma ingine? Leta picha ya zamani! »

Ya zamani: mikunjo tatu juu ya macho, ule wa katikati umekatika.

Sébastien akaonyesha na kidole. « Nimepitisha muuzishaji wa kasikisi, pombe ya ndizi... Iko pale, anafunga bidoni. »

Papa mumoja, kofia mpaka kwa nyusi.

« Papa, nipe kasikisi. »

Akajaza kikombe, akamunyooshea.

Pale njo alikosa. Mu Masisi, mwenye pombe anaonjaka wa kwanza, mugeni aone haina sumu.

« Onja kwanza, Papa. »

« Unaniogopa? »

« Sana. Na utoe kofia. »

Watu wa mustari wakacheka. « Aonje! Aonje! »

Kukataa, ni kusema iko na sumu. Akatoa kofia. Akakunywa.

Kasikisi ilikuwa kali. Uso ukajikunja wote.

Mikunjo tatu. Wa katikati umekatika.

Mukono wake ukaingia mu koti. Bastola ya Makarov!

Emérita akamupiga pa kiwiko na kaske, kofia yake ngumu ya pikipiki. Bastola ikaanguka mu matope. Sébastien akamukalia mugongo.

Chini ya kasikisi, bidoni ilikuwa na sehemu ingine ya kuficha. Detonateri, mu nailoni.

« Nitakutafuta, weye mwanamuke! »

« Tafuta kwanza daktari wa sindano. »

Motorola ikalia. « Emérita? »

« Soko iko salama, chef. »

Akamwaga kasikisi, akavaa kaske. Akashika njia ya Kashuga, kwa Naomie, pole pole, sababu sasa haraka ilikuwa imeisha.