Kompyuta ya Unaisi

Kila asubuhi Isikeli alikuwa na kazi tatu. Alichemsha maji, akatia majani ya mlimau, akanywa. Alikula gimbi la jana, baridi hivyo hivyo. Kisha alikaa mbele ya kompyuta ya mkewe, akaiwasha, akangoja ishindwe.

Mkewe, Unaisi, alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa, upande wa mvua wa kisiwa cha Taveuni. Sasa ilikuwa siku ya themanini na tisa tangu azikwe. Ugonjwa wa sukari ndio uliomwondoa. Nyimbo zote za kwaya alizirekodi mwenyewe ndani ya kompyuta hiyo. Aliimba sauti ya kwanza, ya pili, hata ile nzito ya wanaume, huku akijicheka.

Wiki yake ya mwisho, kompyuta ilianza kudai mfumo mpya. Mfumo ndio unaoendesha kila kitu ndani ya kompyuta. Bila mfumo, kompyuta ni sanduku tu. Ule wa zamani ulikuwa umefika mwisho wake. Usingepewa tena kinga dhidi ya virusi na wezi. Unaisi akabonyeza kukubali. Kazi ikafika asilimia sitini na moja, ikakwama, ikarudi nyuma.

“Nitajaribu kesho,” alisema.

Kesho yake alipelekwa hospitali. Alirudishwa ndani ya sanduku.

Baada ya mazishi Isikeli aliweka mwiko. Hadi zitimie siku mia za msiba, hakuna mtu wa nyumba yake kugusa kitu mezani pa Unaisi. Miwani ibaki ilipo. Kalamu ibaki. Hata kile kiflashi alichokichomeka ubavuni mwa kompyuta kibaki hapo hapo. Alijiruhusu jambo moja tu: kubonyeza palipoandikwa “Jaribu tena”. Maana hilo ndilo alilotaka marehemu.

Binti yao, Asenaca, alifanya kazi ya kutunza wazee huko Brisbane. Dhoruba ilizuia ndege, hakuwahi mazishi ya mama yake. Angekuja siku ya mia, msiba ukiondolewa. Aliomba kitu kimoja kwa simu. “Baba, nataka nimsikie mama akiimba. Basi.”

Asubuhi ile sitini na moja ilikwama kama kawaida. Isikeli aliitazama sana. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe, ukang'oa waya, ukabana kitufe cha kuzimia. Kioo kikawa cheusi. Alipobonyeza tena, kikabaki cheusi.

Hapo ndipo alipofika Litia, karani wa zahanati anayetunza kompyuta za huko. Alimletea dawa zake za presha. Watu wa kisiwa cha Litia na watu wa Isikeli ni watani tangu mababu.

“Hodi. Mko hai humu, au nichukue sufuria niende zangu?”

“Chukua,” alisema Isikeli. “Zote zimetoboka.”

Hakugeuka. Litia akaweka dawa chini, akaketi mkekani.

“Kuna nini, mtani?”

“Nimeiua. Imekwama tena, hasira ikanipanda, nikaizima. Nyimbo zake zimo humo zote. Asenaca anakuja. Nitamwambia nini?”

“Imekwama tena, mara ya ngapi?”

“Kila asubuhi tangu mazishi.”

“Mara themanini na kitu? Na hukubadilisha chochote?”

“Alisema atajaribu kesho. Ndiyo najaribu.”

Litia alirudisha waya wa umeme mahali pake, akaacha chaji iingie kidogo, akawasha. Kioo kilikaa cheusi muda mrefu. Isikeli alishika ukingo wa meza. Mwishowe kikaandika kwamba kompyuta inarudi kwenye mfumo wa zamani, subiri.

“Tusubiri basi,” alisema Litia. “Na usikate tena katikati. Ikishindwa yenyewe, mara nyingi inajirudisha ilikokuwa na vitu vyako vinabaki. Ukiizima wakati inaandika, yote yanaweza kupotea. Leo umepona tu.”

Ikawaka. Pakaja yale maandishi ambayo Isikeli huyafunga haraka kila siku.

“Ngoja,” alisema Litia. “Hapa inasema nini?”

“Sijui. Huwa siyasomi. Nayaogopa.”

“Inasema nafasi haitoshi. Halafu inasema ondoa vifaa vilivyochomekwa. Siku zote hizi inakwambia, nawe husikii. Kama ulivyokuwa kwa mkeo.”

Ulikuwa utani tu, lakini Isikeli aliinamisha kichwa.

“Nyimbo zake sizifuti,” alisema baadaye. “Hata mmoja.”

“Nani kasema ufute nyimbo? Tuone kwanza nani amejaza nyumba.” Litia akafungua orodha. “Nyimbo mia mbili, zote pamoja hazifiki hata kona. Sauti haili nafasi, picha zinazotembea ndizo zinazokula. Na hizi je? Raga. Raga. Raga. Mechi arobaini na tatu. Hizi ni za nani, za mchungaji?”

Isikeli alipapasa ndevu zake.

“Aliniambia nizifute,” alisema. “Wiki ile ile. Alisema hazimwachii nafasi. Nikamwambia kesho.”

Nje mvua ilianza. Litia akakitazama kiflashi ubavuni.

“Tutazifuta. Lakini kwanza nakala. Kabla ya kubadilisha mfumo, unaweka vitu vyako mahali pengine, nje ya kompyuta. Hiki kiflashi kina nini?”

“Usikiguse. Alikichomeka mwenyewe.”

“Mwiko uliuweka wewe, kwa watu wa nyumba hii. Mimi si wa nyumba hii. Kazi ya mtani msibani ni nini, Isikeli? Kula tu magimbi yenu?”

Isikeli alitazama kiflashi. Vumbi lilikuwa limeanza kukikalia.

“Kufanya kile wenye msiba hawawezi,” alisema.

“Haya.”

Litia alikifungua kwanza, kikiwa bado pale pale. Ndani mlikuwa na kabrasha moja, limeandikwa “Za Asenaca”. Nyimbo kumi na tisa. Unaisi alikuwa anamnakilia binti yake, akachoka, akakisahau kikiwa kimechomekwa. Nafasi kilikuwa nayo tele. Litia alimalizia nyimbo zote zilizobaki, akazifungua kadhaa kuhakikisha zinalia. Nakala nyingine akaiweka kwenye flashi yake, aihifadhi zahanati. Ndipo akazichomoa zote mbili. Ile ya Unaisi akaipangusa kwa pindo la sketi, akaiweka katika kiganja cha Isikeli.

“Sasa raga. Hizo ni zako, si zake. Futa mwenyewe.”

Isikeli alifuta moja moja.

“Hata ile fainali?” aliuliza.

“Hata hiyo. Na ndoo ya taka umwage, la sivyo nafasi haipatikani.”

Litia aliangalia nafasi, ikatosha. Akaizima kompyuta vizuri, akaiwasha upya. Aliacha waya wa umeme ukiwa umekaza, na ubavuni hapakuwa na kitu. Isikeli akabonyeza “Jaribu tena”.

Walikunywa chai ya mlimau. Hamsini. Hamsini na nane. Sitini na moja ikakaa, ikakaa. Isikeli akaanza kunyanyuka. Litia akamshika mkono.

Sitini na mbili.

Isikeli hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Sitini na moja ndipo Unaisi alipoishia. Kutoka hapo Isikeli alikuwa anakwenda peke yake, na namba zilizidi kupanda.

Jioni mfumo mpya ulikuwa umekaa, na nyimbo zote mia mbili zilikuwa humo.

Siku ya mia nguo nyeusi zilivuliwa. Yaqona, kinywaji cha mizizi cha heshima, ilikorogwa, wazee wakanywa na kupiga makofi. Asenaca alikaa mbele kabisa, flashi ya mama yake ikining'inia shingoni. Hadi leo, kila mwezi baba yake hunakili upya vitu vya kompyuta kabla ya kukubali sasisho lolote, na akikwama husoma kwanza kilichoandikwa.

Litia alibonyeza wimbo. Sauti ya Unaisi ikajaa nyumba. Asenaca alijifunika uso. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza, halafu Unaisi akakatiza.

“Isikeli,” ilisema sauti, ya karibu kama ya mtu aliye jikoni, “mlango huo. Upepo unaniingilia kwenye wimbo.”

Watu wakatazamana.

Isikeli aliinuka, akapita katikati ya watu walioketi, akaufunga mlango.