Jicho Jekundu la Bonge

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pini alifagia duka la baba yake. Alianzia chini ya meza ya kukatia nguo, akazoa vipande vya vitambaa, kisha akapitisha sumaku sakafuni kukusanya pini zilizodondoka. Tangu akiwa mdogo alikuwa hodari wa kuokota pini, ndipo wateja wakambandika jina hilo. Lile la cheti cha kuzaliwa likabaki la shuleni tu, na hata huko walimu wenyewe walianza kulisahau.

Dukani mlikuwa na vyerehani viwili. Kimoja kilikuwa cha baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Cha pili kilikuwa cha mama, na tangu mama alipofariki kilikaa kimefunikwa shuka. Pini alikifuta vumbi kila siku. Alikifuta vilevile kama alivyofuta dirisha, bila kuwaza lolote, na jambo hilo lilimshangaza yeye mwenyewe. Siku ya mazishi shangazi zake walilia mpaka sauti zikawakauka, naye alisimama tu akitazama viatu vya watu. "Mtoto jasiri huyu," walisema. Ujasiri gani? Kifua chake kilikuwa kimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Tofauti ni kwamba mguu ukiukung'uta, ganzi hutoka.

Mjomba wake alikuwa mtu wa kuamini kwamba kila huzuni ina dawa, na dawa yenyewe ni kuleta kitu nyumbani. Akamletea mtoto wa mbwa wa aina ya buldogi. Alikuwa na miguu mifupi, pua iliyobonyea, na uso wenye mikunjo juu ya mikunjo.

"Huyu kitambaa kilizidi," Fundi alisema alipomwona. "Fundi wake hakujua kupunguza."

Wakamwita Bonge. Pini alimlisha, akamwogesha, akamtembeza jioni mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Yote aliyafanya vizuri, tena kwa wakati. Mjomba alipouliza kama anampenda, alijibu "ndiyo" kwa sababu ndilo jibu lililotarajiwa.

Asubuhi moja Bonge aliamka na kitu chekundu kwenye kona ya ndani ya jicho la kulia. Kilikuwa cha mviringo, laini, kinang'aa, kimejitokeza kana kwamba kinataka kuangalia nje. Fundi aliinama kukitazama, mkasi ukiwa bado mkononi. Pale dukani, chochote kilichochungulia kilikatwa: uzi, pindo, kona ya bitana. Mkono wake ulikwisha kuzoea.

"Nikate?" aliuliza, nusu akitania, nusu akimaanisha.

"Baba, hiyo ni nyama!"

"Basi weka ufagio chini, twende kwa daktari."

Daktari wa mifugo alikuwa mama mwenye mikono mikubwa na sauti ya taratibu. Chumba chake kilinukia dawa, na katikati palikuwa na meza ya chuma iliyomfanya Bonge atetemeke mara tu alipowekwa juu yake. Daktari alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga.

"Ugonjwa huu wengine huuita jicho la cheri, kwa sababu hufanana na lile tunda dogo jekundu," alisema. "Mbwa ana kope ya tatu, imejificha konani hapa. Ndani yake kuna tezi. Kwa watoto wa buldogi mara nyingi tezi hiyo hailegei tu, huchomoka kabisa."

"Si uikate tu, daktari?" Fundi aliuliza. "Kitu kimetoka nje, kina kazi gani tena?"

"Kinatengeneza machozi. Nikiikata tezi, jicho litakauka. Likikauka litapata vidonda, na mwisho mbwa anaweza kupofuka." Daktari alivuta kiti. "Nitakachofanya ni kumlaza kwa dawa ya usingizi, nifungue kijimfuko, niirudishe tezi ndani, kisha nishone mdomo wa mfuko."

Fundi alisogea karibu. "Mfuko wa ndani?"

"Wa ndani."

"Na uzi?"

"Mwembamba sana, na unayeyuka wenyewe."

Baada ya hapo Fundi hakuuliza tena. Kama kuna mfuko na kuna uzi, kwake hiyo ilikuwa kazi inayoeleweka.

Bonge alishonwa siku iliyofuata. Alirudi nyumbani akiyumba, shingoni amevalishwa kola ya plastiki iliyopanuka kuelekea mbele kama faneli. Daktari alikuwa amemshika Pini bega kabla hawajaondoka. "Kazi yangu nimeimaliza, binti. Iliyobaki ni yako. Mtie dawa ya jicho kama nilivyokuonyesha, na kola hii asivuliwe mpaka nimwone tena. Atalia, atakuangalia kwa huruma. Usimvue."

"Sawa, daktari," Pini alisema.

Kola ile ilimtesa Bonge. Aligonga milango, aligonga viti, aligonga miguu ya wateja, na kila alipokunywa maji nusu yalimrudia usoni. Mchana mmoja, Fundi akiwa ametoka kununua vifungo, rafiki wa Pini aliingia dukani. Alikuwa msichana wa darasa lake, jirani yao, na aliitwa Kasuku kwa sababu ambazo yeyote aliyekaa naye dakika mbili alizielewa.

"Yarabi! Mmemvika nini maskini? Mvue bwana, apumue!"

"Daktari amekataza."

"Daktari yuko hapa? Kidogo tu. Sisi si tupo tunamwangalia?"

Siku nyingine Pini angebisha. Siku hiyo aliona kuvua na kutovua ni mamoja. Alifungua kola, akaiweka juu ya meza, Bonge akajikung'uta kwa furaha. Kisha Kasuku akatoa hesabu za shule, wakaanza kubishana juu ya sehemu na asilimia, na hakuna aliyemwangalia mbwa tena.

Walipogeuka, Bonge alikuwa anasugua uso kwenye mguu wa cherehani cha mama, akijikuna kwa ukucha wa mbele kwa bidii zote. Kile kitu chekundu kilikuwa kimetoka tena, kimevimba kuliko mwanzo.

Pini alijua kwamba anatakiwa kushtuka. Alisubiri mshtuko uje. Haukuja. Alichukua kola, akamvisha Bonge, akafunga kishikizo vizuri, akarudi kukaa.

"Utamwambia baba?" Kasuku aliuliza kwa sauti ndogo isiyo yake.

"Sijui," Pini alijibu, akaendelea na asilimia.

Fundi aliporudi na kuliona jicho, aliweka vifungo chini. "Kola ilitoka?"

"Hapana, baba."

Uongo ule ulimtoka kwa urahisi, bila hata kupepesa macho.

"Basi yule daktari ameshona ovyo!" Fundi alifoka. "Mfuko wangu ukiachia mapema hivi, mteja si atanipindulia meza? Kesho atanitambua."

Na kesho yake kweli alikwenda, Pini akimfuata nyuma na Bonge mikononi. Fundi alisema yote aliyokuwa nayo moyoni, na mengine aliyoyapata njiani. Daktari hakumkatiza. Alivaa miwani, akalitazama jicho kwa muda mrefu, akashusha pumzi.

"Inawezekana kosa ni langu," alisema. "Niliamini nimeshona imara. Lakini kama uzi umeachia wenyewe, maana yake nyama ya hapa haishiki. Nikishona tena itaachia tena, na mbwa wa pua fupi kama huyu si wa kulazwa na dawa ya usingizi mara kwa mara. Anaweza kushindwa kupumua. Itabidi tezi niitoe. Atatiwa dawa maisha yake yote, na jicho siwezi kuliahidi." Alimgeukia Pini. "Ila kama alijikuna, hilo ni jambo lingine. Hapo nitajua nyama ni nzima, na nitathubutu kushona mara ya pili. Alijikuna, mwanangu?"

Fundi alimjibia. "Kola haikutoka, daktari. Mtoto wangu hasemi uongo."

Pini alimtazama Bonge. Mbwa alikuwa amelaza kidevu kwenye kiwiko chake, akimlamba mkono kwa ulimi mpana, lile jicho jekundu likimwelekea yeye. Pini alidhani ganzi ingembeba tu, kama ilivyombeba kwenye mengine yote. Angenyamaza, daktari angekata, wangerudi nyumbani. Lakini safari hii haikumbeba. Aliogopa. Ilikuwa muda mrefu tangu aogope kitu, hata hakuitambua hofu yenyewe mara moja.

"Nilimvua," alisema.

"Ulimvua nini?" Fundi aliuliza.

"Kola. Wewe ulikwenda kununua vifungo. Nikamwacha, akajikuna mpaka ikatoka. Halafu nikamvisha tena." Alimeza mate. "Daktari hakushona ovyo, baba. Nilikudanganya."

Bonge alikuwa akikoroma kwa pua yake iliyobonyea. Masikio ya Fundi yaliwaka moto. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Daktari, nimekuja hapa na mdomo mrefu," alisema. "Niwie radhi."

"Yamekwisha." Daktari alikwisha kuinama tena juu ya jicho. "Nakushukuru, binti. Umeniondolea kukata nisichotakiwa kukata. Tutatia dawa kwanza mpaka uvimbe ushuke, kisha nitaishona upya, na safari hii nitaanzia upande ambao hakuukwaruza. Nitamlaza mara moja hii tu. Sitarudia."

Njiani Fundi hakusema neno. Pini alijua kimya hicho. Baba yake alipokuwa na hasira kweli hakupiga kelele.

Tezi ilishonwa mara ya pili. Zamu hii Pini alikata chupa ya plastiki akatengeneza bakuli jembamba linaloingia ndani ya kola, Bonge akaweza kunywa bila kuoga. Alisogeza viti ukutani ili asigonge. Bonge alipolia kwa kubembeleza, Pini alikaa chini sakafuni na kumkuna mgongo, na kola ikabaki palepale. Kasuku alikuja kila siku, akakaa mbali, mikono nyuma. "Msije mkanisingizia," alisema. "Mimi hata karibu sijafika."

Hatimaye daktari mwenyewe aliivua kola. Jicho lilikuwa safi, lina unyevu, na konani hapakuwa na kitu kinachochungulia. Alilitazama kwa tochi upande huu na upande ule, akazima tochi. "Limekaa," alisema. Bonge akapiga chafya na kuteremka mezani bila kusubiri ruhusa.

Waliporudi dukani, Fundi aliketi kwenye cherehani chake, lakini hakuanza kushona.

"Pini, njoo hapa."

Alikuja, akasimama mbele yake.

"Kumvua kola, nakuelewa. Mtu huchoka kusikia kiumbe kikilia. Kilichonikasirisha ni kwamba ulinyamaza, nikaenda kumfokea mtu asiye na kosa, na mbwa nusura akatwe kitu kisichostahili kukatwa. Kosa likisemwa, mtu anajua pa kuanzia kulirekebisha. Likifichwa, hata fundi hodari atakata pasipostahili. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

"Haya, kacheze."

Pini hakuondoka. Alisimama akichezea ncha ya futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwa baba yake.

"Baba."

"Naam."

"Kuna jingine sijalisema." Maneno yalikuwa magumu kutoka, mazito kuliko yale ya kwa daktari. "Mama alipofariki sikulia. Watu wanasema mimi jasiri, si kweli. Sikuhisi kitu, na mpaka leo mara nyingi sihisi. Nimekufa ganzi. Hata Bonge nilikuwa namlea tu. Nadhani nina kasoro."

Fundi aligeuka kutoka kwenye cherehani. Kisha alivuta kigoda kwa mguu, akamketisha karibu naye kiasi kwamba magoti yao yaligusana.

"Huna kasoro," alisema, na sauti yake haikuwa imara. "Mimi nilidhani ni mimi peke yangu. Nakata nguo za watu kutwa nzima, mikono inakwenda, mwenyewe sipo. Nilikuona umetulia nikasema, mwanangu yuko salama, nisimsumbue. Nawe ukaniona nimetulia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ungeniambia mapema. Na mimi ningekuambia mapema. Sasa tumeambiana, tutaanzia hapo."

Pini aliegemea mkono wa baba yake. Machozi hayakuja, lakini aliusikia mkono ule, joto lake na uzito wake.

"Hodi!" mteja aliita mlangoni, suruali begani. "Fundi, ni pindo tu, dakika moja!"

Tangu duka lile lifunguliwe, Fundi hakuwahi kumrudisha mteja.

"Rudi baadaye kidogo, ndugu yangu," alisema bila kuinuka. "Naongea na mwanangu."